Madumu na Bomba la Kwenye Kona Yake

Ripoti za miradi ya maji zinanichosha. Picha ya mtoto anacheka, picha ya mfadhili anakata utepe, basi. Hakuna anayemuuliza msukuma mkokoteni. Leo namsema mmoja, mtaani tunamwita Madumu.

Madumu ametunywesha maji ya mtoni miaka na miaka, akituuzia dumu kwa dumu. Mabega kama mlango, mdomo kama redio. Halafu ukaja mradi wa msaada. Fundi wao akapima mtaa mzima, akaja kusimama kwenye kona ya kiwanja cha Madumu, pale pale anapoegesha mkokoteni. Ndipo palipo juu kuliko kote. Tangi likikaa pale, maji yanateremka yenyewe hadi bondeni. Likikaa kwingine, nusu ya mtaa haipati kitu.

Yaani jamaa anaombwa atoe kona yake ili biashara yake ife. Nani kati yetu angekubali? Acheni uongo.

Kwenye mkutano wa mtaa akasema atafikiria. Mama muuza mkaa akamrushia dongo: "Fikiria haraka, shemeji, wengine tuna kiu!"

"Wewe una kiu ya umbea," akamjibu. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nyumbani akamkuta mkewe anamnywesha kitinda mimba wao maji ya chumvi na sukari. Mtoto anaharisha tena. Zahanati walishawazoea.

"Baba watoto, maji anayokunywa huyu ni yako."

"Si nilisema yachemshwe?"

"Kwa mkaa upi? Nikichemsha ya kunywa, chakula napikia nini?"

Madumu akachukua kikombe, akaendelea kumnywesha mtoto mwenyewe.

Asubuhi tukamkuta ameshauhamisha mkokoteni, anapiga sururu kuchimba msingi wa tangi, mafundi hata hawajafika. Muuza mkaa akasimama.

"Shemeji, unaizika biashara yako?"

"Na yako. Maji safi hayachemshwi. Lete chepe."

Akaleta, huku anasonya.

Sasa bomba linatoa maji. Msaada ule umefanya kazi, nakubali, na mimi si mtu wa kusifia wafadhili. Akina mama wasiomudu maji ya kununua, waliokuwa wanashinda njia ya mtoni, sasa wanafyatua matofali, nyumba zinapanda, na Madumu anabeba matofali hayo kwa mkokoteni uleule. Kipato hakijarudi kama zamani. Wenye kamera hawakumpiga picha.

Nilimuuliza anaionaje kazi mpya.

"Tofali halimwagiki," akasema. "Ila hakuna anayekukimbilia mlangoni kwa furaha eti umemletea tofali."

Tukiwa tunaongea, kitinda mimba akaja mbio, akafungua bomba, akakinga mikono, akanywa. Madumu akaachama kumfokea, mazoea tu, halafu akakumbuka haya si ya mtoni.

"Polepole," akamwambia. "Utapaliwa."