Kitambulisho cha kazi niliyofukuzwa

Bandugu, nipeni ushauri.

Wiki jana nimefukuzwa kazi ya ukalimani kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Leo marafiki wawili wakasema, "Twende Mbarara mjini, upumue kidogo."

Njiani polisi akasimamisha gari. Kwa mazoea nikatoa kitambulisho cha kazi, kile ambacho sikukirudisha!

"Wewe mkalimani? Shuka."

Nikajua nimekwisha.

Kumbe kuna mama wamemzuia kando ya barabara, anajua Kibembe tu, hawaelewani. Nikatafsiri. Wakamwachia.

Afande akafurahi mno. Akatia kitambulisho changu mfukoni.

"Utakichukua jioni mkirudi. Nataka kwanza nimpigie bosi wako, nikusifu."

Sasa niko Mbarara, chipsi zinapoa mbele yangu. Na barabara ya kurudi ni ile ile.

Ungekuwa wewe?