Baba Amelala Ndani ya TV

Jana niliona TV ya mgongo mkubwa imetupwa nje ya kibanda cha fundi hapa Nyalenda, nikakumbuka yetu nilipokuwa mdogo. Siku hiyo ilikuwa inanuka waya iliyoungua. Fundi alimwambia Mama, "Hii imekufa. Nunua ingine."

Nililia. Kwa TV hiyo ndiyo tulikuwa tunaangalia video ya mazishi ya Baba, amelala na suti yake.

"Mama, usiitupe! Baba amelala ndani!"

Fundi alicheka peke yake. Mama akasema, "Bwana, tengeneza tu."

Jioni ikawaka. Mama akaanza kutafuta CD ya mazishi, ile moja tu tuliyokuwa nayo. Mimi sikujua Baba alikuwa kwenye CD. Nilikuwa nimeisukuma juu ya mawe wiki nzima, kama tairi.