Ni Kweli, Mheshimiwa

Mume wangu aliponzwa na adabu. Wengine huponzwa na pombe, wengine na mdomo. Yeye alipoteza leseni ya udereva kwa sababu mama yake alimlea vizuri huku milimani, na mpaka leo nikilifikiria jambo lile natamani kurusha kitu ukutani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari ya mtumba yakaanza kumiminika kutoka Japani. Mume wangu aliendesha pikapu ya tajiri mmoja wa Lushoto, akishusha kabichi, karoti na mapeasi hadi sokoni Tanga. Sisi wenyewe hatukuwa na shamba. Sehemu yake ya urithi aliwaachia wadogo zake, akisema mwenye leseni ana shamba lisilongoja mvua. Kwa hiyo leseni ikiondoka, tumekwisha, yeye na mimi na watoto. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza.

Siku yenyewe nilikuwa naye garini, nimepakata kikapu cha mapeasi ya kumpelekea wifi yangu. Pale Tanga mjini, kwenye njia panda, walikuwa wamechora barabarani mraba mkubwa wa rangi ya njano, umekatwakatwa na mistari. Maana yake mume wangu aliijua vizuri sana: usiingie humo mpaka uone pa kutokea, na ukishaingia usisimame. Akatazama mbele, njia ilikuwa nyeupe, akaingia. Tumefika katikati, mtu wa mkokoteni akakatiza mbele yetu na magunia yake. Gurudumu likachomoka, magunia chini, na yeye mwenyewe chini. Mume wangu akakanyaga breki. Sasa angefanyaje, jamani? Amkanyage binadamu ili aheshimu rangi?

Nyuma yetu kulikuwa na msafara wa mkubwa fulani, ukakwama. Trafiki akaja mbio, jasho linamtoka, akaupiga mlango wa gari kwa kiganja, akamwita kwa jina wanalotutania nalo Wasambaa. "We mghoshi! Umeshuka na kabichi zako, unadhani hapa ni shambani? Hujui kusimama kwenye njano ni kosa?"

Mume wangu akashuka. "Samahani, afande," akasema.

Mtu wa mkokoteni alikuwa ameshakusanya magunia yake na kupotelea sokoni. Leseni ikachukuliwa, tukaambiwa twende mahakamani.

Sasa nisikilizeni. Kwetu Usambaani mtoto hufundishwa mapema mambo mawili: kuamkia, na kutobishana na mkubwa. Mkubwa akikuambia, "Umechelewa," humjibu kwamba njia ilikuwa na matope. Kwanza unasema, "Ni kweli, baba." Kisha unanyamaza. Akikutazama tena, hapo umeruhusiwa, ndipo unaeleza habari za matope. Ile "ni kweli" siyo kukubali kosa. Ni kama kuvua viatu mlangoni.

Hakimu akasoma shitaka, kwamba alisimamisha gari ndani ya mraba wa njano na kuzuia njia. "Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa," akasema mume wangu, mikono nyuma, kichwa amekiinamisha.

Hakimu akaanza kuandika. Na mume wangu, Yarabi, akanyamaza! Mkubwa anaandika, utamkatizaje? Alikuwa anangoja kalamu itue ndipo ausemee ule mkokoteni. Mimi nipo benchi la nyuma nakohoa, nakohoa tena, nimemtolea macho, mpaka askari wa mahakama akaninyooshea kidole. Kalamu ilipotua, hakimu akainua uso akasema mshitakiwa ametiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe, na leseni yake inafutwa.

"Mheshimiwa, nilikuwa nataka kueleza..."

"Umeshakiri, mzee. Anayefuata."

Watu husema ulimi uliponza kichwa. Wa kwangu kichwa chake kiliponzwa na kimya. Tulipotoka nje nilimfokea bila kujali nani anatutazama. "Umekiri nini wewe? Nani kakutuma ukiri?"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Sijakiri," akasema. "Nimesema ni kweli."

Tukakata rufaa. Jirani yetu mmoja, karani mstaafu, alituandikia sababu zetu, na habari ya mkokoteni aliiandika vizuri mpaka nikatokwa na machozi. Tajiri naye hakuwa mbaya. Alisema atangoja, gari akampa dereva mwingine alishikilie tu, na rufaa ikishinda funguo zinarudi kwa mume wangu. Ikishindwa, basi tena, gari haliwezi kukaa bila dereva wa kudumu. Tukaanza kushuka Tanga na kupanda. Jalada halijafika. Jalada limefika ila mheshimiwa amesafiri. Njooni baada ya sikukuu. Mume wangu akawa anaamka alfajiri kama kawaida yake, anavaa koti, kisha anakumbuka hana pa kwenda, anakaa kitandani na koti lake. Nilichukia hata kusikia honi barabarani.

Siku yetu ikafika. Jaji alikuwa mtu mzima, sauti yake ya upole, na upole ule ndio ulioniumiza zaidi, maana angekuwa mkali ningepata wa kumlaani. Akafungua jalada, akaufuata mstari kwa kidole.

"Hapa umeulizwa kama ni kweli. Umejibu ni kweli."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Huo mkokoteni mbona siuoni humu?"

Katika jalada lile mkokoteni haukuwahi kupita. Hakuna gunia lililoanguka wala mtu aliyenusurika, ni mume wangu tu, kasimama kwenye njano kwa kupenda kwake.

"Kwa nini hukumwambia hakimu?"

"Nilikuwa nangoja amalize kuandika, mheshimiwa."

Jaji akavua miwani. Mimi nikaomba kila dua ninayoijua, nimemng'ang'ania mkono mama mmoja aliyekaa kando yangu ambaye hata simfahamu. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, kwamba aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa akalikana. Anaweza kulalamikia adhabu tu, na adhabu hii sheria inairuhusu. Rufaa imetupwa.

"Umenielewa, mzee wangu?"

"Nimekuelewa, mheshimiwa. Ahsante."

Ahsante! Wanasema sheria ni msumeno, unakata mbele na nyuma. Mimi niliuona ukimkata mtu, naye anaushukuru. Nilitamani kulia, nikakosa hata machozi.

Tulipofika Mombo tuliikuta pikapu ya tajiri imeshashusha mzigo na inarudi tupu. Yule dereva aliyeishikilia alituona akasimama. Hakuuliza kitu, nyuso zetu zilimtosha. "Shikamoo, kaka. Pandeni twende nyumbani." Mimi nikakaa katikati, mume wangu mlangoni, upande ambao hakuwahi kuukalia tangu gari lile liletwe.

Kupanda kwenda Soni ni kona juu ya kona, mlima upande huu, korongo upande huu. Dereva alikuwa mwangalifu, sina la kumlaumu. Wakazungumza habari za mvua, na za mkanda wa injini unaolia. Sauti ya mume wangu ilikuwa ya kawaida kabisa, hata nikaanza kujidanganya kwamba ataweza. Kisha nikatazama chini. Kila tulipokaribia kona, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu mahali pasipo na breki, wa kushoto ukatafuta klachi, na mkono wake juu ya paja ukabadilisha gia.

Nikamwekea mkono gotini ili atulie. Kona iliyofuata akakanyaga tena.