Jina la Kujaribia

Mwandishi wa programu wa ofisi ile alikuwa na kiburi kimoja tu: kazi yake haikuwahi kurudishwa. Bosi, ambaye ni kaka wa mkewe, alijua hapo ndipo pa kumshika.

"Shemeji, niandikie programu ya kumwondoa mfanyakazi. Nikibofya mara moja, afungiwe kila kitu."

Akaandika moduli mbili, yaani vipande viwili vya programu hiyo, kwenye seva. Ya kwanza inapokea jina na kwenda kutafuta taarifa za mhusika. Ikishazipata, inaiita fanksheni, yaani amri ya kutenda, ya moduli ya pili na kuikabidhi taarifa hizo, nayo inafunga kadi ya mlango na kompyuta.

"Nijaribu kwa jina gani?"

"Weka lako. Si majaribio tu?"

Akabofya. Kimya. Kwa kiherehere chake alikuwa ameiita fanksheni ya kufunga kabla taarifa hazijarudi, ikapokea patupu, na patupu hapafungiki.

Bosi akacheka ofisi nzima isikie. "Na huyu ndiye tuliyempa dada yetu."

Uso ukamsawijika. Akajikaza kisabuni, akauhamishia ule mstari wa kuiita fanksheni ndani ya hatua ya kutafuta, usubiri taarifa zifike kwanza, kisha akabofya kama anayempiga mtu kofi. Skrini ikazima. Taa ya mlangoni ikageuka nyekundu.

"Umeona?" akasema, kijasho kikimtoka. "Inafanya kazi. Haya, nirudishe."

"Ya kurudisha hukuandika," shemeji yake akajibu, akimfungulia mlango atoke, kwa kadi yake mwenyewe. "Wala mimi sikukuagiza."