Sauti ya Muuza Machungwa

"Machungwaaa!" Mwaija bado anaikumbuka sauti hiyo ya mwenzake wa meza ya jirani, iliyokuwa ikizishinda honi za mabasi pale Segera. Tangu sonona imkamate, mama huyo humenya kimyakimya, ganda likishuka kama utepe mmoja mrefu, kisha chungwa hulirudisha kwenye beseni bila kumwonyesha mtu.

"Shoga, sauti nayo umeiuza?" wachuuzi humcheka. Nesi peke yake ndiye aliyesema ni ugonjwa, akampa dawa na kumsihi asijifungie ndani.

Leo basi la Arusha liliposimama, mama huyo aliinuka na beseni lake. Wenzake wakampiga kikumbo, wakamtangulia madirishani. Basi likaondoka. Ndipo Mwaija akamsikia akiuambia moshi uliobaki, kwa sauti ya chini kabisa, "Machungwa."