Kamina, Kumpima Kabedi Mara ya Pili

Nilirudi Kamina kwa sababu ya ujumbe mmoja wa simu. Mama Marthe, muuguzi wa macho aliyenifundisha kazi, aliandika kwamba jicho la kushoto la Kabedi limeanza kuegemea puani. Kabedi ana miaka mitano. Mwaka jana, nilipokuja kupima watoto macho, nilimpa miwani, na hataki kabisa kuivaa. Niliogopa. Jicho la mtoto likiachwa limepinda, huzoea kutokuona.

Siku ya pili ya safari, asubuhi, treni kutoka Lubumbashi ilipokaribia Kamina, nilitoa kichwa dirishani kama zamani. Baba alikuwa fundi wa reli, na tangi la maji la stesheni ndilo lililotuambia tumefika nyumbani. Bado lipo, limejaa kutu. Machozi yalinilenga.

Mchana, baada ya bukari, ugali wa kwetu, na samaki wa kutoka Mulongo, nilimpima Kabedi kwa mashine yangu ya mkononi. Ikasema kama mwaka jana: haoni mbali. Mama Marthe hakubishana. Alimtia matone ya kulegeza macho, tukangoja karibu saa nzima tukiulizana habari za majirani waliohama. Kisha akamkalisha kwenye kiti kile kile nilichokalia mimi utotoni, akamwambia atazame dirishani, kwenye tangi la maji kule stesheni, akamulika mboni kwa taa yake ndogo huku akibadilisha vioo kimoja kimoja. Majibu yakawa kinyume kabisa: karibu ndiko kunakomchosha macho. Miwani niliyompa ilikuwa ikimzidishia kazi. Nikarudia mashine, na safari hii ikakubaliana naye.

"Mashini haiko mubaya," akasema. "Mutoto akiangalia mu kale kasanduku, anakaza macho. Weye ulipima kule kukaza."

Matone hayo, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuyatumia. Mwaka jana foleni ilikuwa ndefu, nikayaacha.

Kesho yake tulimvalisha Kabedi miwani nyingine kutoka sanduku la akiba. Polepole, mbele ya macho yetu, jicho likarudi katikati. Mama yake aliichukua miwani ya mwaka jana.

"Minyi nilimupigaka," akasema, "juu anakatalaka ile lunettes."

Nikamwambia kosa ni langu, mtoto alikuwa na haki ya kukataa. Akampakata Kabedi, akamwomba msamaha kwa Kiluba.

Treni ilipoondoka nilitazama tangi mpaka likapotea. Miwani ile ya kwanza niliondoka nayo. Inakaa juu ya kisanduku cha mashine, na siwezi kukifungua bila kuishika kwanza. Wakati huo mtoto aliye mbele yangu huwa ameshatiwa matone.