Mgeni wa Jumapili Hakutumwa na Sisi

Mwalimu Erasto Chilumba alifundisha Uraia kwa miaka mingi bila kuusikiliza. Nasema hivi kwa upendo, maana tulikuwa majirani mtaa wa Chuno, na darasa langu la Jiografia lilitenganishwa na lake kwa ukuta mwembamba. Erasto alikuwa na sauti ya kuhutubia uwanja wa mpira. Mwaka 2000, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa imefufuliwa juzijuzi tu, nilimsikia akiwaandikisha kidato cha tatu faida za nchi kadhaa kukabidhi mazungumzo yao ya nje kwa chombo kimoja cha pamoja. Binti mmoja, Nasra, akauliza.

"Mwalimu, kila nchi ina waziri wake wa mambo ya nje. Kwa nini ikampe mwingine aisemee?"

"Ili kuimarisha ushirikiano."

"Sawa, mwalimu. Lakini kwa nini?"

Kengele ikamwokoa.

Mwaka huohuo Erasto alikuwa anaposa. Mchumba alikuwa Magreth, karani wa posta, binti wa Mzee Josephu wa mtaa wa Rahaleo, Mngoni aliyestaafu kazi ya bandari. Erasto alimpenda mno, hata stempu alinunua mojamoja ili arudi tena kesho.

Shida ilikuwa ndugu zake. Mama yake alitaka wanandoa wakaishi Newala. Baba mdogo wa Masasi alitaka harusi ingoje korosho ziishe shambani. Shangazi naye alitaka ifungwe Ndanda, alikobatizwa yeye. Kila mmoja alikuwa tayari kwenda Rahaleo kusema la kwake. Baada ya kugombana siku nzima walikubaliana jambo moja tu, kwamba hakuna atakayekwenda. Wakampa kazi mshenga, Mzee Jafari, fundi cherehani wa Chuno, mtu mkimya kama aliyebana pini mdomoni.

Silaha ya Mzee Jafari ilikuwa sentensi moja. Kila wakwe walipomkaba alijibu kwa adabu, "Hilo sina ruhusa nalo. Nitawauliza walionituma." Huwezi kumkasirikia mtu asiye na ruhusa. Mzee Josephu alitaka harusi ingoje miaka miwili, hadi mdogo wake Magreth amalize shule. Jafari alikwenda kuuliza, akarudi, akaenda tena, na safari ya tatu sharti likafa lenyewe. Harusi ikapangwa Desemba. Kilichobaki ni kikao kimoja cha kufunga maneno, mbele ya Mzee Anold, kaka mkubwa wa Josephu, aliyekuwa njiani kutoka Songea. Yeye ndiye aliyepewa na ukoo idhini ya kusema neno la mwisho kwa upande wa bibi harusi.

Hapo mwalimu wa Uraia akaingiwa na hofu kwamba wazee wanachelewa na Magreth atamponyoka. Jumapili baada ya misa akapanda baiskeli mpaka Rahaleo, peke yake, na shati limepigwa pasi.

"Baba," akamwambia Mzee Josephu, "mimi mwenyewe nakubali lolote."

Mzee akamkaribisha chai. "Lolote, mwanangu? Basi ile miaka miwili irudi."

Erasto akarudi Chuno akisukuma baiskeli. Kesho yake Magreth akamwita nyuma ya posta. "Sharti lile nililia ndipo likaondoka," alisema. "Wewe umelirudisha kwa kikombe cha chai. Miaka miwili sikungoji, Erasto." Jioni ile Erasto alikuja kwangu, na sauti ile ya uwanjani haikusikika. Nilimhurumia, ingawa nakiri nilicheka kwanza.

Nilimpeleka kwa Mzee Jafari. Mzee alimaliza kushona pindo, kisha akasema, "Kikaoni utakuja. Utakaa nyuma. Nikikukana, usifumbue mdomo."

Siku ya kikao Mzee Josephu alifika na uso wa ushindi. Akaeleza kwamba kijana mwenyewe amekwisha kukubali miaka miwili.

"Kijana yupi?" akauliza Jafari.

"Huyo hapo. Alikuja Jumapili."

Jafari akageuka, akamtazama Erasto kama mtu asiyemjua. "Mgeni wa Jumapili hakutumwa na sisi. Aliyetumwa ni mimi." Kisha, kwa upole zaidi, akamwelekea Mzee Anold. "Ila kama maneno ya Jumapili yana uzito, mzee mwenzangu, tungependa kujua siku hiyo upande wenu alikuwepo nani mwenye idhini."

Mzee Anold akamgeukia mdogo wake taratibu. "Josephu, ulifunga maneno ya posa bila mimi?"

Mzee Josephu akasema kwamba Jumapili ile alikuwa na homa, na hakumbuki mgeni yeyote. Wote wakakubali kuwa homa ilikuwa kali. Desemba ikabaki Desemba.

Juma lililofuata nilimsikia Erasto ukutani, kwa sauti ya kawaida. "Nasra, lile swali lako. Nchi humpa mwingine aisemee kwa sababu wapo wengi ndani na kila mmoja ana lake. Na kwa sababu asiye na ruhusa hakabiki. Na kwa sababu yenyewe ikienda peke yake, na moyo unadunda, itakubali lolote."

"Hiyo ipo kwenye kitabu, mwalimu?"

"Haipo. Andika."

Erasto na Magreth walifunga ndoa. Mpaka leo, Erasto akianza kuahidi kitu kwa wageni kabla hajashauriana na mkewe, Magreth humuuliza kutoka jikoni, bila kupandisha sauti, "Mgeni, umetumwa na nani?" Naye huinuka na kwenda jikoni kuuliza.